Pareto Isiyochanua

Mliponiandalia chai ya kuniaga pale maabara, mliniomba niseme maneno machache, nami nikasema machache kweli, kwa sababu niliona macho yenu yako kwenye keki. Haya ninayoandika ndiyo niliyoyameza siku ile. Sitawaeleza nilivyopandishwa cheo wala nilivyokosa kupandishwa. Hayo yako kwenye faili na hayamfundishi mtu kazi. Nataka kuwaeleza miaka miwili tu, 2007 na 2008. Mara nyingi nimewasikia mkilalamika kwamba friza imezima au RNA imeharibika, na mimi nikakaa kimya. Sikuwa nawadharau. Nilikuwa nakumbuka.

Nilikuja kituoni Nakuru mwanzoni mwa 2007, nikiwa nimetoka ng'ambo na shahada ya uzamifu, sanduku la vitabu na pipeti zangu mwenyewe. Mji haukuwa mgeni kwangu. Babu yangu alitoka Bungoma kuja kufanya kazi ya reli, baba akazaliwa kwenye nyumba za reli, nami nikazaliwa humo humo. Kwa hivyo nilikuwa narudi nyumbani, na nilirudi na kiburi kidogo cha mtu aliyezoea mashine zinazofanya kazi.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vya ngozi na koti jeupe. Aliyenipokea alikuwa Mzee Kariuki, mtaalamu wa kuzalisha mimea, ambaye kituoni kila mtu alimwita Mwalimu. Alikuwa amefanya kazi ya pareto, ua la kutengenezea dawa ya wadudu, tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Alinisalimu, akaangalia viatu vyangu, akaangalia anga upande wa mlima Menengai.

"Umebeba viatu vingine, Daktari?"

"Sikubeba, Mwalimu."

"Basi hivyo vitazoea."

Hakunionyesha maabara. Alinipandisha kwenye pikapu ya kituo tukapanda mlima hadi Dundori, ambako kituo kilikuwa na shamba la majaribio lililopakana na boma lake. Kulikuwa na baridi ya kuuma masikio. Akanipa kikapu.

"Utaisaga mimea hii miaka mingi," akasema. "Kwanza ichume."

Nilichuma pareto mpaka saa sita mchana. Kama hujawahi, kazi yenyewe ni hivi: unashika ua jeupe kati ya vidole, unalinyofoa bila kikonyo, unalitupa kikapuni, unashika lingine. Harufu yake hukaa mikononi, na ngozi huanza kuwasha. Mke wa Mwalimu, Mama Wambui, alikuja akanitazama, akacheka bila sauti, akaniletea chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Viatu vilizoea, kama nilivyoahidiwa, yaani viliharibika.

Ilipofika saa ya kurudi, Mwalimu alinipeleka mwisho wa shamba, kwenye mistari michache iliyokuwa ya kijani tupu. Mimea mingine yote ilikuwa imefunikwa na maua. Hii ilikuwa na majani mazuri, yenye afya, na hakuna hata ua moja.

"Hii tunaiita Kaidi," alisema. "Unajua pareto haitoi maua bila baridi. Ndiyo maana huku juu inachanua, na kule chini mjini inabaki majani. Sasa huyu yuko kwenye baridi pamoja na ndugu zake, mwaka baada ya mwaka, na hataki. Nimembadilishia udongo, nimembadilishia mbolea. Niambie ana nini."

Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya kazi. Ile ya ofisini sikumbuki ilisema nini.

Kwa wale watakaosoma haya na si wa fani yetu, niweke wazi. Jeni ni kipande cha DNA. Seli ikitaka kuitumia, huinakili kuwa RNA, na RNA hiyo husomwa ili kutengeneza protini. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa na hivyo ndivyo tulivyofundisha. Lakini sehemu kubwa ya DNA haina maelezo ya protini, na watu wengi waliiita takataka. Miaka ile ndiyo tulikuwa tukianza kuelewa kwamba hata hizo sehemu hunakiliwa, na kwamba ziko RNA ndefu zisizotengeneza protini yoyote, ila zinaamua jeni ipi iwake na ipi izime. Nilikuwa nimesoma habari hizo ng'ambo na zilikuwa zimenikaa kichwani.

Shida ya kwanza haikuwa ya fikra, ilikuwa ya majani. Majani ya pareto yamejaa kemikali ambazo, ukiyasaga tu, hugeuza kila kitu kuwa kahawia, kama ndizi iliyomenywa ikasahauliwa. RNA yangu ya kwanza ilifanana na chai ya rangi. Ya pili pia. Na RNA yenyewe ni kitu dhaifu. Jasho la kidole lina vimeng'enya vya kutosha kuikatakata kabla hujafunga kifuniko. Nilivaa glavu, nikabadilisha glavu, nikaoka vinu na michi kwenye oveni ya maabara hadi mfagizi akaniuliza kama nafungua hoteli. Nilisaga majani kwenye naitrojeni ya maji, ile baridi inayofoka moshi, na bado ilitoka kahawia.

Mwalimu ndiye aliyesimama mlangoni siku moja akaniuliza ninachuma majani gani.

"Yale makubwa," nikasema.

"Yaliyokomaa yana uchungu. Hata ng'ombe huyaacha. Jaribu machanga ya katikati, asubuhi, kabla ya jua."

Mimi kwa upande wangu nilikuwa nimeagiza unga unaonasa zile kemikali. Tukachanganya ushauri wake na unga wangu, na RNA ikatoka angavu kama maji ya mvua. Tangu siku hiyo nilijifunza kumuuliza mwenye shamba kabla ya kuagiza dawa, na naona bado hamlifanyi hilo vya kutosha.

Tulilinganisha Kaidi na ndugu zake. Iko jeni moja inayozuia maua. Ikiwaka, mmea hauchanui. Nilitegemea kuikuta imeharibika ndani ya Kaidi. Nikaisoma yote, herufi kwa herufi, ikawa ile ile. Nilikaa na matokeo hayo wiki nzima nikiwa na hasira nayo. Kisha nikaangalia jirani na jeni hiyo, sehemu ambayo haina maelezo ya protini yoyote, nikaona kwamba ndugu zake Kaidi walikuwa na RNA ndefu iliyonakiliwa kutoka hapo, tena kwa kurudi nyuma, kinyume cha jeni yenyewe. Kaidi hakuwa nayo. Kipande kidogo cha DNA, pale RNA hiyo inapoanzia, kilikuwa kimekatika.

Nilimweleza Mwalimu tukiwa tumekaa kwenye ngazi za maabara.

"Kwa hivyo hiyo RNA yako haitengenezi kitu?"

"Haitengenezi. Lakini nadhani baridi ikija, yenyewe ndiyo inazima jeni inayozuia maua."

"Haitengenezi kitu, inazima wengine," akasema. "Kama watu wa ofisi kuu."

Mtu wa ofisi kuu alikuja kweli, mwezi uliofuata. Sitamtaja. Aliangalia picha ya jeli yangu, ambamo vipande hivi hujitenga kama mistari, akaona mstari mmoja mweupe, akasema, "Daktari, hii ni DNA chafu imeingia kwenye sampuli. Usituaibishe." Nilimwonyesha vipimo vya kuthibitisha: nilipotia kimeng'enya cha kula DNA, mstari ulibaki, nilipoondoa kile cha kugeuza RNA kuwa DNA, mstari ulipotea. Maana yake ilikuwa RNA. Alivisukuma pembeni kwa upole, kama mtu anayesukuma sahani baada ya kushiba. Akasema kama nataka kuaminiwa, nionyeshe RNA hiyo ikipanda wakati wa baridi na jeni ikishuka, kwa njia ya zamani ya kuhamisha RNA kwenye utando na kupiga filamu, siyo kwa mashine inayozidisha kila uchafu. Niliudhika, lakini alikuwa na haki ya kudai.

Ndiyo maana Julai na Agosti 2007 tulikuwa Dundori kila wiki. Tulipandikiza miche ya Kaidi na ya ndugu zake sehemu mbili, huku juu kwenye baridi na kule chini kituoni, na kila wiki tulikata majani machanga tukayatumbukiza kwenye naitrojeni pale pale shambani. Naitrojeni tulipewa na Rono, mtu wa A.I. aliyezunguka Dundori na Subukia akipandisha ng'ombe kwa mrija, maana mbegu za fahali nazo huhifadhiwa kwenye mtungi wa naitrojeni. Alikuwa mtu wa maneno machache na buti kubwa. Mama Wambui alikuwa akinishikia vichupa huku akinieleza habari za kila boma tuliloona. Hizo ndizo wiki ninazozikumbuka kwa furaha kuliko zote za kazi yangu: ukungu unapanda kutoka bondeni, vidole vimekufa ganzi, na Mwalimu anahesabu mistari kwa sauti kama mtu anayeita watoto wake.

Sampuli zilipokamilika tukaziweka kwenye friza kubwa ya kituo. Utando na filamu vilikuwa vimeagizwa kupitia Nairobi na vingefika baada ya mwaka mpya. Tukafunga kazi. Desemba ikafika, watu wakaenda kupiga kura.

Sitaandika siasa za vurugu zilizofuata. Mlio wakubwa mnakumbuka wenyewe, na mlio wadogo mmesikia. Mimi nilikuwa nikiishi kwenye mtaa wa kupanga na mama yangu. Mwanzoni Nakuru ilitulia, tukadhani yatapita mbali. Kisha Januari ilipokuwa ikiisha, yakafika. Watu walianza kuuliza majina, ili wajue kabila la mtu. Jirani yangu, ambaye nilizoea kumwazima pasi, aliacha kunijibu salamu, na baadaye nikaelewa kwamba naye alikuwa anaogopa kuonekana akijibu. Kaka yangu alipata lori la kumpeleka mama Bungoma. Mama alikaa mbele na birika lake la alumini mapajani.

"Panda tuende," akaniambia.

"Nina kazi huku, Mama."

"Kazi ya maua?"

Nilimwambia nitafuata.

Asubuhi iliyofuata Mwalimu alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Daktari, usije kazini."

"Lini?"

"Usije tu. Mpaka nikuambie." Akakata.

Nilikaa na simu mkononi. Kituo kilikuwa nje ya mji, upande ambao watu wenye majina kama langu walikuwa wakifukuzwa. Nilijua hivyo. Lakini nilijua pia kwamba yeye ni wa upande wa pili, na sauti ile fupi ilinichoma kuliko kelele za barabarani. Nilijiambia kwamba huenda ameambiwa asijihusishe na mimi. Huenda ameambiwa na watu wake wa nyumbani. Siku zile mtu aliweza kufikiri chochote.

Nilipata hifadhi kwa Mama Jyoti, mjane wa Kihindi aliyekuwa na duka la aiskrimu na vyakula baridi katikati ya mji. Alikuwa akisoma na mama yangu gazeti moja kwa miaka, wakigawana kurasa. Aliponiona na begi alinipa chumba juu ya duka, akanipa chapati na dengu, akaniambia nisikae karibu na dirisha. Chini kulikuwa na friza zake zikinguruma kwa jenereta, kwa sababu umeme wa mji ulikuwa unakatika kila mara. Nilikaa nikisikiliza jenereta ile nikafikiria friza ya kituo, ambayo jenereta yake ilikuwa na historia ndefu ya kukataa kuwaka. Niliwaza: zimekwisha. Majani ya msimu mzima, yameyeyuka yakawa mchuzi.

Siku ya tatu au ya nne hivi, adhuhuri, Mama Jyoti alinigongea mlango.

"Daktari, kuna mzee chini. Amebeba mtungi. Anasema yeye ni mwalimu wako."

Nilishuka ngazi mbio. Alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda, koti limejaa vumbi, na kati ya magoti yake kulikuwa na mtungi wa Rono. Nikasema, "Mwalimu, ulinikataza kuja kazini."

"Nilikukataza kuja," akasema. "Sikukuambia kazi imekwisha."

Mama Jyoti alimletea maji. Alipomaliza kunywa akanieleza, akianza na jinsi alivyompigia mama yangu simu akaambiwa niliko. Umeme ulikatika kituoni na jenereta ikafanya desturi yake. Walinzi walikuwa wameondoka. Alishuka kutoka Dundori kwa miguu na kwa pikipiki, akafungua friza, akakuta barafu ya pembeni imeanza kulegea lakini vichupa vya katikati bado vigumu. Rono alikuwa amempa mtungi wake wenyewe, ule wa kazi. Rono na Mwalimu, kwa majina yao, hawakutakiwa hata kuonekana wakiongea siku hizo. Walikutana nyuma ya dairi, pale maziwa hukusanywa. Rono alitoa mbegu zake zote akazihamishia kwenye mtungi mdogo uliovuja, akijua nyingine zitakufa, akasema, "Ng'ombe wanaweza kungoja. Hata wenye ng'ombe wenyewe wamehama nao."

"Mtungi ni mdogo," Mwalimu akaendelea. "Sikuweza kuchukua zote. Nilichukua za mwanzo wa baridi, za katikati na za mwisho. Za Kaidi na za ndugu zake. Za huku chini nilichukua kiasi cha kulinganisha. Zingine niliziacha." Akaniangalia. "Nimekosea?"

"Hukukosea."

"Nilikaa mbele ya friza ile nikaona ni kama kuchagua watoto. Nikasema nichague kama Nekesa angechagua." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina.

Nikamuuliza alivyopita barabarani. Hapo akatabasamu kidogo. Vijana walikuwa wamefunga njia kwa mawe, wana mapanga. Walikuwa wa upande wake, lakini yeye mwenyewe alisema wakati ule hilo halikumtuliza. Mmoja akamwuliza, "Niaje mzee, hiyo nini umebeba?"

"Mbegu za fahali."

"Fungua tuone."

"Nikifungua zitakufa, na ng'ombe wa mama yako hatapandishwa mpaka mwaka ujao. Fungua wewe, mimi nimechoka."

Kijana aliangalia mtungi, akaangalia wenzake. Akamwambia pita.

"Ningemwambia ni RNA ndefu isiyotengeneza protini," Mwalimu akasema, "ningekuwa bado niko pale nikieleza."

Alilia baada ya hapo. Sikuwahi kumwona akilia na sikumwona tena. Alikuwa amepita mahali fulani njiani ambapo palikuwa na kitu alichokiona, na hakunieleza ni nini, nami sikumuuliza. Mama Jyoti aliingia nyuma ya duka, akarudi na bakuli la aiskrimu ya embe, akampa. Akala yote. Kisha akaanza safari ya kurudi kabla jua halijapungua, na mimi nikauweka mtungi nyuma ya kaunta, kati ya ndoo za vanila na za stroberi. Mtungi mzuri hushika naitrojeni kwa wiki nyingi usipofunguliwa ovyo. Nilikuwa nikiukagua kila asubuhi, na Mama Jyoti aliwaambia wateja ni wa kutengenezea aiskrimu ya kisasa.

Barabara zilipofunguka na wakubwa wa siasa waliposhikana mikono, kaka yangu alinipigia simu akisema njoo nyumbani, utapata kazi ya kufundisha. Nilimwambia nipe muda kidogo. Nilirudi kituoni. Friza ilikuwa na harufu ambayo sitaielezea. Mwezi huo huo tulipanda Dundori kuona shamba, na hapo nikakuta kitu ambacho sikukitegemea. Waliofukuzwa sehemu nyingine walikuwa wamepiga hema pembeni mwa shamba letu. Walikuwa wamechuma maua yote ya majaribio, wakayakausha na kuyatandika chini ya mikeka na kuyachoma ndani ya hema, kwa sababu viroboto na mbu walikuwa wakiwala watoto. Mimea mingine iling'olewa mizima.

Nilisimama pale. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alidhani nimekuja kumfukuza, akaanza kujitetea kabla sijasema neno. Nilimwambia afanye vile vile, ila ayachome taratibu, moshi ukiwa mwingi humkohoza mtoto. Hiyo ndiyo kazi ya pareto tangu mwanzo. Sidhani kama majaribio yangu yalikuwa na matumizi bora kuliko hayo.

Ni Kaidi peke yake aliyebaki amesimama. Hakuwa na maua, kwa hivyo hakuna aliyemtaka.

Mei, utando na filamu vilifika. Nilitoa RNA kutoka kwenye vichupa vya mtungi nikitumia kila hila niliyoijua, nikaikimbiza kwenye jeli, nikaihamisha kwenye utando. Mwalimu alikuja tukaingia chumba cha giza pamoja, mchana mmoja, na taa nyekundu. Hakuwa amewahi kuona filamu ikioshwa. Nikaitikisa kwenye trei. Kwanza hakuna. Kisha mistari ikaanza kutoka kama watu wanaotokea kwenye ukungu: kwa ndugu zake Kaidi walioonja baridi, mstari hafifu mwanzoni, wenye nguvu katikati, mweusi kabisa mwisho. Kwa wale wa joto, hakuna. Kwa Kaidi, juu na chini, mwanzo hadi mwisho, hakuna. Filamu ya pili, ya jeni inayozuia maua, ilionyesha kinyume chake.

Mwalimu alishika ukingo wa trei.

"Kwa hivyo anasikia baridi," akasema polepole, "ila hana cha kumwambia jeni inyamaze."

"Ndivyo."

"Miaka yote nilikuwa nikimlaumu."

Matokeo yalichapishwa baadaye sana, katika jarida lisilosomwa na wengi, na mtu wa ofisi kuu aliniandikia kunipongeza kama vile tulikuwa pamoja tangu mwanzo. Mwalimu alistaafu mwishoni mwa 2008. Rono nilimnunulia mtungi mpya, naye akaukubali bila kubishana, maana alijua wa zamani siurudishi. Wakulima wengi waliacha pareto wakapanda viazi, na mimi mwenyewe nilihamia viazi, kama mjuavyo. Kazi yetu haikuokoa zao lile. Ni vizuri mlijue hilo mapema: unaweza kupata jibu sahihi na bado swali likahama.

Lakini kabla ya hayo kulikuwa na Julai. Tulihitaji kurudia majaribio ya baridi kwa miche mipya, kwa sababu matokeo ya mara moja hayatoshi, na hiyo ilimaanisha kwenda Dundori kila wiki tena. Nilikuwa naogopa kuonekana huko kila wiki. Mwalimu aliliona hilo, akajitolea kukata majani kwa niaba yangu, na kwa wiki mbili nilimwachia. Wiki ya tatu nilivaa buti nikapanda pikapu.

Mama Wambui alikuwa tayari shambani, amefunga kichwa kwa leso ya sufu, vichupa vimepangwa kwenye kreti. Hatukuwa tumeonana tangu Desemba, maana siku ile ya mahema hakuwapo. Aliniangalia muda, akanishika mkono wa glavu kwa mikono yake miwili.

"Umekonda," akasema. "Anza na mstari ule, umande bado haujakauka."

Tulikuwa tumeinama tukikata majani ya Kaidi mwanamke mzee alipopita kando ya uzio na mkebe wa maziwa. Alisimama. Akamwuliza Mama Wambui, kwa lugha yao, huyo ni nani na ametoka wapi. Mimi nimezaliwa Nakuru. Niliyaelewa maneno yote, na niliielewa sauti iliyo chini yake. Nikaendelea kukata bila kuinua kichwa.

Mama Wambui hakuinuka. Alijibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kunifikia mimi pia.

"Ni mtu wa pareto."

Yule mama alihamisha mkebe mkono mwingine. Kisha naye akageukia Kiswahili, akaniambia mimi.

"Hii isiyotoa maua mnaitunzia nini? Naiona kila siku. Kwa nini hamuing'oi?"

Nikajinyoosha mgongo, nikavua glavu, nikasogea kwenye uzio nikamweleza. Ilichukua muda. Alikuwa na maswali mazuri, na lori la dairi lilipopiga honi kule barabarani alilipungia mkono liende, akaweka mkebe chini, akauliza lingine.